Mwalimu Mansuetus Kumburu na Celica Zake Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne kazini, Mwalimu Mansuetus Kumburu wa Idara ya Ufundi Magari anastaafu katika Chuo cha Ufundi Mtakatifu Vitalis, Mbinga. Aliajiriwa Machi 1, 1991, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano kutoka Maguu, akiwa na cheti kimoja na kisanduku cha spana alichokibeba begani, kwa kuwa siku hiyo lori la kahawa alilopanda lilikwama Mpepai na sehemu iliyobaki ya safari aliimaliza kwa miguu.

Mkuu wa Chuo, Sista Ottilia, alipomwomba mwandishi wa wasifu huu aifanye kazi hii, aliongeza: "Kama ni nzito, Mama Meshack, nitampa mwingine." Mwandishi alijibu kwamba ataandika. Sababu ya Sista kuuliza hivyo itaeleweka hapo mbele.

Wahitimu zaidi ya mia nne wamepita mikononi mwa Mwalimu Kumburu. Wapo wanaofungua injini za meli ziwani, wapo migodini, na wapo waliofungua gereji zao kuanzia Ruanda, hapa hapa wilayani, hadi Songea. Mwaka 2006 ndiye aliyesimama kwenye kikao cha walimu kutetea wasichana wapokelewe karakana. Aliambiwa nati za magurudumu zitawashinda. Akajibu kwamba nati huishinda spana fupi, si msichana, na akaomba chuo kinunue spana ndefu. Ilinunuliwa, na msichana wa kwanza kufuzu sasa ni msimamizi wa karakana ya halmashauri moja huko Njombe.

Hata hivyo, nje ya chuo watu wengi walimjua kwa jambo lingine: magari. Mwalimu alipenda Toyota Celica, gari la michezo lililo chini chini, lenye milango miwili na haraka nyingi. Katika maisha yake amemiliki tatu, kila moja ya kizazi chake, katika mji ambao watu wenye akili zao hununua pikapu.

Ya kwanza aliipata mwaka 2003, ikiwa tayari imetumika miaka kumi na mitatu. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti na kuchomoza unapoziwasha, na kwa sababu hiyo wanafunzi waliiita Chura. Enzi hizo barabara ya Songea ilikuwa ya vumbi, na masika ilikuwa ya tope. Chura alikwaruza tumbo kila alipopita. Siku moja kwenye harusi ya Mpepai taa ya kushoto iligoma kushuka wakati ya kulia inafumba na kufumbua, na shangazi wa bwana harusi akalalamika mbele ya wageni kwamba gari la Mwalimu linamkonyeza. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini.

Chura aliharibika kila wiki. Kila asubuhi kabla ya mstari Mwalimu alikuwa chini ya gari, akiangalia springi, mabomba, matairi, kila kitu. Alikaa naye miaka kumi na moja, wala halikumpata mtu jeraha hata la kidole.

Ya pili ilikuja mwaka 2014, lami ya Songea ilipokuwa imefika mjini kwetu. Ilikuwa nyekundu, na taa nne za mviringo kama mtu aliyeshtuka. Tuliiita Macho Manne. Ilikuwa gari nzuri hasa. Ilikimbia bila kelele, ilikunja kona kama imeshikwa mkono, na haikuharibika. Katika chumba cha chai walimu walimuuliza ipi bora, akawa anasema hakuna ulinganisho: la kwanza lilikuwa linamchosha, la pili linampumzisha. Miaka mingi baadaye alituambia jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Chura, alisema, alimlazimisha kuinama kila siku. Macho Manne alimwachia asimame wima, naye akasahau kuinama.

Mwezi Agosti 2021, lami ilikuwa imeshuka hadi Mbamba Bay. Mteremko wa kwenda ziwani, ambao zamani uliushuka kwa kutambaa, sasa watu waliushuka kwa dakika. Alhamisi ya tarehe 12 Mwalimu alibadilisha tairi la mbele kulia, akaona mpira wa breki wa upande huo umepata nyufa. Haukuwa umeanza kuvuja. Aliagiza mwingine Songea, uje Jumatatu, akaendelea na kazi.

Jumamosi binti yake Jacqueline, mwalimu wa shule ya msingi, aliomba gari. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na baba yake ndiye aliyemfundisha kuendesha. Alitaka kwenda Mbamba Bay kumwona rafiki yake aliyejifungua. Mwalimu wa uchomeleaji wa chuo chetu, Zabron Mbawala, naye alikuwa na safari ya huko kumsalimu mama yake, akaomba lifti.

"Baba, naomba funguo," Jacqueline alisema.

"Chukua, mama. Mpitie na Zabron."

Mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani. Hakuinua kichwa.

Katikati ya mteremko ule mpira ulipasuka na mafuta ya breki yakamwagika. Breki iliyobaki haikutosha. Gari liligonga ukingo wa mwamba upande wa abiria, likapinduka. Jacqueline alivunjika nyonga. Zabron alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Zabron Mbawala alikuwa mume wa mwandishi wa wasifu huu.

Kwa siku tatu mji mzima ulikuwa na maelezo mamoja: gari la mashindano, jekundu, binti kijana, lami mpya. Hata taarifa ya mwanzo ilisema mwendo kasi. Mimi niliamini hivyo hivyo. Nilikaa kwenye mkeka nyumbani kwa mama mkwe, nikiwasikia wanawake wakisema mtoto yule hana adabu barabarani, na maneno yao yalinipa mahali pa kuegemea. Jacqueline alikuwa amelazwa, polisi wanasubiri apone wamfungulie mashtaka. Waliokwenda kumwona walisema alikuwa akirudia maneno yale yale: "Nilikanyaga. Nilikanyaga." Hakuna aliyemsadiki.

Baba yake alimsadiki. Siku ya mazishi, kabla hajaja kanisani, alipitia kituo cha polisi lilikovutwa gari. Akamwomba askari wa usalama barabarani asimame karibu na ashuhudie, akafungua gurudumu la mbele kulia, akaonyesha mpira uliopasuka. Kisha akasema yeye ni fundi, gari ni lake, na ubovu ule aliujua tangu Alhamisi. Askari, tulisikia baadaye, alimwuliza kama anaelewa anachokisema. Walimu wenzake wawili waliokuwa naye walimvuta pembeni wakamsihi anyamaze. Mwaka wa kustaafu unakaribia, walimwambia. Binti kijana mahakama itamhurumia. Marehemu hatarudi.

Siku ya tatu ya matanga alishuka Mbamba Bay kwa basi. Aliingia uani akiwa amevua kofia, akapita katikati ya watu hadi mbele yangu, akapiga magoti kwenye mchanga. Nilidhani amekuja kumwombea binti yake.

"Mama Meshack," alisema, "gari lilikuwa bovu. Mpira wa breki. Niliuona Alhamisi, nikasema nitauweka Jumatatu. Jacqueline hakujua. Zabron hakujua. Nilijua mimi."

Egidi, shemeji yangu, alinyanyuka akamkamata shingoni, na wazee wakamzuia. Wote wakanitazama mimi. Ningeweza kusema neno lolote. Nilisema, "Mtoeni hapa. Sitaki kumwona."

Walimtoa. Alikwenda bila kuvutwa, na kofia yake ikabaki mchangani hadi mtoto mmoja akaipeleka barabarani.

Mahakamani alikiri kosa, na Jacqueline hakushtakiwa. Mwalimu alifungiwa leseni miaka miwili, akapewa adhabu ya kutumikia jamii kwa mwaka mmoja. Tulimwona wote. Alifyeka nyasi za kituo cha afya na kuzibua mitaro, na wanafunzi wake waliopita wakienda sokoni hawakujua wamwangalie au wageuze nyuso. Wengine waliinamisha kichwa wakasema, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia "Marahaba" huku akiendelea kufyeka. Chuo kilikuwa kimemsimamisha. Uzito wake ulipungua, na nywele zake, ambazo zilikuwa na mvi chache tu, zikawa nyeupe zote ndani ya mwaka ule.

Januari 2023 bodi iliamua arudishwe. Nilipinga kwa maandishi. Sista Ottilia aliisoma barua yangu mbele ya bodi, neno kwa neno, na bado wakaamua arudi. Mimi ni katibu muhtasi wa chuo hiki. Barua ya kumrudisha kazini niliichapa mimi, nikaigonga muhuri, nikaiacha mezani ili mwingine ampelekee.

Kazi aliyoifanya tangu aliporudi ni lazima isemwe, hata na mtu ambaye hakutaka arudi.

Alianzisha Ijumaa ya Breki. Kila Ijumaa gari lolote linaloshuka ziwani, pikapu ya samaki, basi dogo, lori la mahindi, linaruhusiwa kuingia karakana yetu likakaguliwe bila malipo. Yeye mwenyewe huingia chini kwanza, kisha wanafunzi. Likikutwa bovu, Mwalimu husimama mbele ya boneti, wala haondoki hadi litengenezwe. Madereva walimtukana. Mmoja alimwambia mbele ya darasa zima, "Leo ndiyo umejua kukagua?" Mwalimu alijibu, "Ndiyo. Leo," akarudi chini ya gari.

Akaweka na kanuni ambayo sasa imechorwa ukutani kwa rangi: anayefunga breki apande wa kwanza. Mwanafunzi hapati alama ya somo lile mpaka akae kiti cha abiria katika gari alilolitengeneza, lishuke mlima na kupanda tena. Wapo wanaoshuka wakitetemeka. Hakuna anayesahau kukaza nati.

Machi 2024, mwezi mmoja baada ya leseni yake kurudi, alinunua Celica ya tatu. Mji ulichukia. Mimi nilichukia zaidi ya mji. Hii ni ya kizazi cha mwisho, ya rangi ya fedha, uso wake umechongoka kama kisu, na dashibodi ina taa inayowaka breki zikiwa na hitilafu. Alipoulizwa na walimu inalinganaje na zile mbili, alisema ndiyo anayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa inaahidi kukuambia. Ile taa aliwaonyesha wanafunzi mara moja tu, akawaambia wasiingoje. Akaliweka juu ya shimo la karakana kuwa gari la kufundishia, na kila asubuhi kabla ya mstari, kama enzi za Chura, yuko chini yake.

Jumamosi moja ya Mei mwaka huu nilikwenda karakana. Nilikuwa sijazungumza naye nje ya mambo ya ofisi kwa karibu miaka minne. Nilimwambia nataka kwenda Mbamba Bay kusafisha kaburi la mume wangu, na kwamba nataka kupanda gari lake. Alichukua kurunzi, akaingia chini ya gari. Alikaa huko nusu saa nzima, nami nikasimama nimeshika mkoba.

Tulishuka polepole hadi lori la makaa likatupita. Tulipofika pale nikamwambia, "Mwalimu, simama." Alisimama. Ziwa lilikuwa limetanda chini mbele yetu, na upande wangu ulikuwa ule mwamba, na alama ya rangi nyekundu bado ipo.

Nikamwuliza jambo nililokuwa nalo tangu matangani. "Kwa nini ulikuja siku ile? Kituoni ulikuwa umeshasema. Kwetu ungeweza kunyamaza."

Mikono yake haikutoka kwenye usukani. "Ningenyamaza, ungemchukia Jacqueline maisha yako yote," alisema. "Niliona heri umchukie mwenye kosa."

"Nilikuchukia."

"Najua, Mama Meshack."

Alinifikisha makaburini, akang'oa magugu upande wake nami upande wangu, tukarudi Mbinga kabla ya adhuhuri.

Jacqueline siku hizi anafundisha Iringa. Anachechemea, na tangu atoke hospitali hajakanyaga mjini hapa. Wazazi wake ndio humfuata. Mkewe Mwalimu, Mama Marselina, anasema likizo ya Desemba Jacqueline huwa anafika Songea, anakaa siku mbili, anageuza.

Chuo kinamshukuru Mwalimu Kumburu kwa miaka yote hii, mizuri na ile mingine. Kinawashukuru pia Mama Marselina na watoto, waliobeba pamoja naye. Anarudi Maguu kwenye kahawa yake na mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya kuzuia maji mlimani, ya marehemu baba yake.

Nami, Eunice Mbawala, naongeza langu. Nimemaliza kukuchukia, Mwalimu. Sikupanga, nimejikuta tu siku moja chuki haipo. Kaa salama huko Maguu, ule unachokipanda, uzee ukupokee vizuri. Na Desemba Jacqueline akifika Songea, mwambie asigeuze. Aje mpaka Mbinga, afikie kwangu. Chumba kipo.