Nilimwekea Mwanangu Amri ya Korti

Ndugu zangu, mkiona nimeshikilia kiti hiki, msidhani ni miguu. Ni uoga. Jambo hili sijawahi kulisema mbele ya watu, na wengine wenu mlilisikia likisemwa vibaya.

Mnajua mimi ni mjane, nalima mahindi hapa Rongai. Nina kijana mmoja, mtu mzima. Baba yake alipofariki, kijana alirudi kutoka Nakuru akiwa amepoteza kazi, akakaa nyumbani. Mwanzo alinisaidia kukama. Baadaye akaanza kudai hati ya shamba, auze kipande. Nikamwambia hapo ndipo tunapokula. Siku ya kwanza alinisukuma, nikasema ni pombe. Mara ya pili alinipiga kofi akiwa hajaonja chochote.

Nawaambia ukweli, nilificha miaka miwili. Nilikuja kanisani humu na kitambaa nimekivuta mpaka kwenye jicho, tukaimba pamoja, tukasalimiana mlangoni.

Asubuhi moja nikikama, alinikaba shingo kwenye ukuta wa zizi. Aliponiachilia nilianguka, mkono ukavunjika. Hospitalini nikasema ng'ombe amenipiga teke. Muuguzi, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, akafunga mlango, akaniangalia shingoni, akasema polepole, "Mama, ng'ombe hana vidole."

Nililia mpaka plasta ikakauka.

Hakunilazimisha. Alinieleza kwamba korti inaweza kutoa amri ya kumzuia mtu wa familia asikukaribie, hata akiwa mtoto wako, na kwamba pale polisi kuna dawati la jinsia, wangenisaidia kuandika maombi. Nilizunguka na maneno hayo wiki tatu. Mzee mmoja wa ukoo alinionya kwamba mama hapeleki mtoto wake kortini, watu watanicheka. Na kweli walinicheka.

Nilienda hata hivyo. Hakimu aliniuliza kama nataka kijana aondoke nyumbani. Kijana alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu, amevaa shati nililomnunulia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Hakimu akaniambia niseme kwa sauti, iandikwe.

"Nataka aondoke."

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe bado. Mwezi haujapita, alikuja langoni saa ya chakula cha mchana. Hakuwa amelewa. Alisema, "Mum, nimekuja kula tu."

Ndugu zangu, hapo niliumia kuliko siku ya mkono. Ugali ulikuwa tayari jikoni. Lakini nilijua nikifungua lango lile, ile amri itabaki karatasi tu. Nikajifungia ndani, nikapigia polisi simu. Nilimwona dirishani wakimchukua. Hakupigana nao. Aliangalia nyumba tu.

Alifungiwa siku kadhaa, korti ikamwonya. Sasa yuko Elburgon, anapakia mbao. Dada yangu huniletea salamu zake. Sitawadanganya kwamba tumepatana. Amri bado iko, na lango likigongwa moyo wangu bado unaruka. Kuna siku namkosa mpaka siwezi kula. Lakini tangu wakati ule hakuna mkono ulionigusa.

Namshukuru yule muuguzi. Namshukuru afisa wa dawati, aliyenipigia simu kila wiki kuuliza nimeamkaje. Na jirani yangu aliyekaa nami kortini kutwa nzima, mahindi yake yakinyeshewa uani. Yuko hapa, ameniomba nisimtaje.

Nilichojifunza ni hiki: kumpenda mtoto ni jambo moja, kumwacha akuumize ni jambo lingine. Mimi ilinichukua miaka miwili kuyatenganisha.

Kama kuna mmoja wenu ambaye haya yanamkuta nyumbani, awe ni mume, mtoto au ndugu, usinitafute hapa mbele ya watu. Nipitie shambani, wakiuliza sema umekuja kuomba mbegu. Tutaenda pamoja. Lile benchi la kortini ni gumu sana ukilikalia peke yako.