Fizikia ya Usiku

Basi la Musoma lilipokaribia Mugumu, Ghati alikuwa bado anamweleza baba yake mdogo, Emanuel, alivyoipanga likizo ya Juni: asubuhi Kemia, mchana Biolojia, usiku Fizikia. Bila kufaulu kidato cha sita, udaktari angeusikia redioni.

"Usiku wewe unalinda mahindi," Emanuel alisema. "Panda dunguni kule shambani na debe lako la kufukuzia wanyama. Au utawafundisha tembo hiyo Fizikia?"

Abiria wa nyuma wakacheka. Hawakuwa na kosa, hawakuwepo msibani.

"Baba mdogo, kaka Rubeni naye alisomea dunguni. Hakuwasikia tembo mpaka wakamuua."

"Ndiyo maana wewe utapanda bila kitabu."

Basi likasimama. Emanuel akashusha sanduku la Ghati, akamhimiza wawahi bodaboda, jua lisije likazama.