Kikao Ambacho Hakijafungwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, mguu mmoja umevunjika na mahali pake pamewekwa tofali. Ukikaa upande wa tofali unainuka, ukikaa upande wa pili unateremka, kwa hiyo wenye hoja nzito hugombania upande wa tofali. Asubuhi hiyo waliokaa hapo ni wajumbe wa Klabu ya Siasa ya Mwamko, ambao juzi tu walikuwa wamemzika Mwenyekiti wao. Klabu hiyo, kwa faida ya asiyeijua, ina chumba cha kukodi mtaa wa pili, ina bendera, ina katiba ndefu kuliko idadi ya wanachama wake, na haijawahi kushinda uchaguzi wowote. Hata walipopiga kura wao kwa wao kuchagua rangi ya mlango, kila rangi ilishindwa. Fundi cherehani ndiye Makamu Mwenyekiti, na umakamu umemganda mpaka mkewe naye humwita Makamu. Sasa kiti kilikuwa wazi, na alikitaka. Alikitaka kiasi kwamba usiku hakulala vizuri, na asubuhi alijichoma sindano kidole kama mwanafunzi wa ushonaji.

— Hoja yangu ni fupi, alisema Tarumbeta, muuza nyama, ambaye hajawahi kuwa na hoja fupi na ndiye mwenyekiti wa vijana wa klabu ingawa ana wajukuu. Mwenyekiti hayupo, Makamu yupo. Makamu apande. Paka akiondoka, panya hutawala!

— Unaniita panya? aliuliza Makamu.

— Nakuita mtawala, bwana. Sikiliza methali mpaka mwisho.

Makamu aliisikiliza mpaka mwisho, akaona si mbaya sana, akanyamaza.

— Haiwezekani, alisema Mzee Ibara. Huyu alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na katiba ya klabu anayo kichwani yote, pamoja na makosa yake ya uchapaji. Kumchagua mwenyekiti kunahitaji kikao. Kikao hufunguliwa na Mwenyekiti. Mwenyekiti yuko wapi?

— Kaburini.

— Basi.

— Basi nini, mzee?

— Basi tusubiri.

— Tusubiri afufuke?

— Sijasema hivyo. Nimesema haraka haraka haina baraka.

— Mnakosea wote, alidakia Mawimbi, fundi redio, ambaye habari zote humfikia kabla hazijatokea. Huwezi kufungua kikao cha pili wakati cha kwanza hakijafungwa. Nani hapa alimsikia Mwenyekiti akisema "nafunga kikao"?

Wakatazamana. Muuza kahawa, waliyemzoea kwa jina la Birika, akasimama na birika lake hewani. Yeye si mwanachama, lakini hakuna mwanachama anayejua habari za klabu kuliko yeye.

— Kwa hiyo hivi sasa tuko kikaoni? aliuliza Tarumbeta.

— Tuko kikaoni, alisema Mzee Ibara, na uso ulimng'aa kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

— Hata mazishini tulikuwa kikaoni?

— Hata mazishini.

— Na jana usiku nilipokuwa nagombana na mke wangu?

— Ulikuwa unagombana kikaoni, jambo ambalo ni kosa.

Na kwa kweli kikao hakikufungwa. Ilikuwa hivi. Alasiri ile ya mwisho, kwenye chumba cha klabu, Mwenyekiti alisimama mbele yao, akasema amechoka, umri umekwenda, na kabla hawajafika mbali angependa kumtaja anayefaa kushika nafasi yake. Makamu alijiweka sawa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, akapangusa nyuzi kwenye suruali. "Ndugu zangu," Mwenyekiti akasema, "anayefaa ni…" Hapo akaweka mkono kifuani, akakunja uso. "Ngojeni kidogo, nakuja." Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Wakangoja. Klabu ina ibara ya tisa, iliyotungwa baada ya wajumbe kuzoea kwenda kujisaidia kila kura inapokaribia. Ibara hiyo inasema Mwenyekiti akiwa hajamaliza kusema, hakuna mjumbe atakayenyanyuka wala kufungua mdomo. Wakakaa, midomo imefungwa, mpaka mwenye nyumba akaja na funguo zake. Ni yeye aliyewaambia kwamba Mwenyekiti amechukuliwa na muuza mkaa mwenye mkokoteni, amekimbizwa hospitali. Walipofika hospitali, mzee alikuwa ameshafunikwa shuka.

— Lakini nidhamu ile! alisema Tarumbeta, akajipiga kifua. Semeni mnavyosema, chama gani kina nidhamu ile? Mimi nilibanwa na mkojo mpaka machozi yakanitoka. Nilinyanyuka?

— Hukunyanyuka, alikubali Mzee Ibara.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia. Itazameni miguu yetu, mizima!

Alinyoosha miguu yake miwili barabarani, na mwendesha baiskeli mmoja ilibidi aikwepe.

— Tatizo ni lile neno, alisema Mawimbi. "Anayefaa ni…" Ni nani? Tukilijua hilo, habari imekwisha.

Makamu alimaliza kahawa yake taratibu. Alikuwa na jambo moja alilolifungia moyoni kama karata ya mwisho, na aliona saa yake imefika.

— Mimi, alisema, nilimsikia akiongea kule nje.

Benchi lote likageuka, tofali likalalamika.

— Ulimsikia?

— Mlango ulikuwa hapa, na sikio langu hapa. Alikuwa barazani, anaongea. Maneno sikuyapata, lakini sauti niliipata. Yaani alilimalizia lile neno kule nje! Na kwa jinsi sauti ilivyokuwa ya upole, alikuwa anamtaja mtu aliyemtumikia miaka mingi.

— Kama muuza nyama, alisema Tarumbeta.

— Kama fundi cherehani, alisema Makamu.

— Acheni ubinafsi, alisema Mzee Ibara. Swali ni: alikuwa anamwambia nani? Huyo ni shahidi. Akipatikana shahidi, tunaandika, tunatia sahihi, kikao tunakifunga kwa heshima zote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname, tumtafute.

— Alikuwa ni mtu wa wale wapinzani wetu, alisema Tarumbeta bila kuwaza. Alitumwa. Alimwendea mzee pale barazani akamwambia, "Njoo kwetu, tukupe ubunge." Mzee moyo wake haukuzoea habari njema. Ukapasuka.

— Wapinzani wetu wana ubunge wa kugawa? Si hata wao hawajawahi kushinda?

— Ndiyo maana ni wabaya. Wanagawa wasichokuwa nacho.

— Hakukuwa na mtu, alisema Mawimbi, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayetoa siri za nchi. Mwenyekiti alikuwa anaongea kwenye simu. Na watu wa juu.

— Juu wapi?

— Juu kabisa. Ikulu.

— Ikulu wanaijua klabu yetu?

— Hawaijui. Ndiyo maana walipiga, waulize.

— Lakini bwana, simu ya mzee si ilikuwa dukani kwako, unambadilishia kioo? Mpaka leo iko kwako.

— Sasa huoni? Ndiyo maana nakwambia haikuwa simu ya kawaida!

Birika alicheka mpaka akamwagia kahawa kidole gumba chake. Makamu naye alicheka, ingawa hakupenda. Alikuwa amempenda yule mzee, na cheko lilimtoka likiwa na kitu cha uchungu ndani. Suruali zote za Mwenyekiti alizishona yeye. Alizipanua kiunoni mzee alipokuwa akinawiri, na mwaka huu alikuwa amezipunguza mara kwa mara. Wala hakuuliza kwa nini. Fundi hamuulizi mteja tumbo lake limekwenda wapi.

— Na kama hajafa? alisema Tarumbeta ghafla.

— Nani?

— Mwenyekiti. Lile jeneza lilikuwa jepesi mno.

— Kwani wewe ulilibeba?

— Liliniparuza bega lilipokuwa linapita. Mtu wa nyama anajua uzito, mzee. Mimi nasema mzee amejificha mahali, anatupima. Anataka aone nani atakuwa wa kwanza kuvunja ibara ya tisa. Sasa mkikurupuka mkachagua mwenyekiti mwingine, atatokea pale kwenye kona na kofia yake, mtaficha wapi nyuso zenu?

Wote wanne wakaitazama kona. Na hakuna aliyewahi kukiri baadaye, lakini kwa kitambo kidogo kila mmoja alitamani Tarumbeta awe amesema kweli.

Kwenye kona akatokea mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alitembea akisoma mabango ya maduka, kama mtu aliyeondoka mjini siku nyingi, na alipoliona bango la fundi cherehani akavuka barabara.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu, marahaba. Ni binti wa Mwenyekiti huyu, jamani! Msogezeeni nafasi. Tarumbeta, toka kwenye tofali, mpishe mtoto.

Tarumbeta alitoka kwenye tofali, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata diwani. Birika akammiminia kahawa bila kuulizwa. Binti akaishika kwa mikono miwili asiinywe. Walimpa pole, akazipokea, naye akawapa pole yao, kwa sababu aliona wazi kwamba nao wamefiwa.

— Mama amenituma niwashukuru, alisema. Msibani hapakuwa na nafasi. Baba alikuwa akirudi nyumbani hasemi anatoka klabuni. Alikuwa anasema, "natoka kwa wenzangu." Sisi watoto tuliona wivu. Kila shughuli ya nyumbani alikuwa na udhuru, lakini kwa wenzake hakukosa hata siku moja.

— Alikuwa mtu wa watu, alisema Mzee Ibara, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

— Jana nimemtafuta yule mwenye mkokoteni, nimemshukuru naye. Mtu mwema sana. Ameniambia alimkuta baba ameketi chini barazani, mgongo ameuegemeza kwenye mlango.

— Alikuwa na nani? Mawimbi alimrukia. Samahani, mwanangu. Alimkuta anaongea na nani?

— Hakuwa na mtu, baba. Alikuwa peke yake, anaita. Anasema sauti ilikuwa imekwisha, ya chini kabisa, lakini alikuwa anaita majina ya watu, moja baada ya jingine, anarudia. Yule mwenye mkokoteni hakuyajua. Alitazama huku na huku, hakuona mtu, ndipo akamnyanyua.

Tarumbeta alivuta miguu yake ndani, chini ya benchi. Binti akawatazama mmoja mmoja, kwa macho ya mtu anayetaka tu kuelewa, kwa kuwa akisharudi kwa mama yake ataulizwa.

— Sasa mimi nimekuwa nikijiuliza, alisema. Maana nyinyi najua msingemwacha. Kwani mlikuwa mbali?

Hakukuwa na lawama ndani ya swali hilo, na hilo ndilo lililowamaliza. Lawama wangeijibu. Mzee Ibara angeijibu kwa vifungu, Mawimbi angetaja watu wa juu, na Tarumbeta angepiga kelele mpaka iondoke yenyewe. Lakini mtoto aliuliza umbali tu. Mzee Ibara aliitazama miwani yake. Mawimbi aliitazama barabara. Birika, ambaye hakuwa na kosa lolote, aliweka birika chini akasogea kando.

Makamu aliona mlango. Aliona mbao zake nyembamba zisizo na rangi, na akajiona mwenyewe ameinama, sikio amelibandika pale kwenye ubao, anasikiliza kwa bidii zote kama jina lake litatajwa. Kumbe pengine lilitajwa. Angeuvuta tu ule mlango, mzee angemwangukia miguuni.

— Hatukuwa mbali, mwanangu, alisema.

Sauti yake ilimshangaza. Ilikuwa imetoka bila kuombewa ruhusa. Binti alingoja aendelee, na alipoona haendelei, akarudisha kikombe taratibu, kahawa yote imo, akasimama.

— Basi mama ananisubiri, alisema.

— Ngoja, alisema Makamu. Kisha akalichukia neno hilo alilotamka. Usingoje. Twende wote. Nitakuja niwaeleze, wewe na mama.

Aliacha duka wazi, cherehani ina kitambaa chini ya sindano. Nyuma yake Mzee Ibara aliinua kidole na kufungua mdomo, kwa mazoea tu, maskini, na Tarumbeta akamkanyaga mguu kwa nguvu zote za uchinjaji. Walimwona Makamu akivuka barabara pembeni ya yule binti, kichwa ameinamisha, na kabla hawajafika kwenye kona wakamsikia anaanza.

— Pale chumbani, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na mlango.