Mzee Ala Tupu Anakabidhi Chumba Namba Saba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya sauti ya redio yetu, fundi wetu mkongwe anakabidhi funguo za chumba namba saba, chumba chake cha kuhariri sauti. Wengi mnamjua kwa jina tulilombandika wenyewe: Mzee Ala Tupu.

Alianza kwa wembe na gundi, akikata na kuunga kanda. Kompyuta zilipoingia, wenzake waliomba uhamisho. Yeye alinunua daftari. Akajifunza kwamba katika nyimbo nyingi mwimbaji hukaa katikati, sawasawa kwenye spika zote mbili. Ukigeuza wimbi la sauti la upande mmoja juu chini, kisha ukaunganisha pande zote, mwimbaji anayeyuka, zinabaki ala za muziki tupu. Hubaki pia mwangwi wake kwa mbali, na huo ndio uliomkosesha raha. Programu mpya zilifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Yeye alichukua siku mbili, akiufukuza mwangwi kipande kwa kipande.

Kwaya zilimjia, walimu, maharusi. Bwana harusi mmoja aliomba mwimbaji aondolewe kwenye wimbo ili yeye mwenyewe amwimbie mkewe. Alifanya mazoezi siku moja tu, kesho yake akarudi mbio akiomba mwimbaji arudishwe.

Lakini mtu mwenye hedifoni masikioni hasalimiwi. Chakula cha mchana alikula humo humo chumbani, mlango umefungwa. Alimzika mkewe, akarudi kazini siku ya nne. Wengine tulipata habari baada ya mwezi.

Miaka sita iliyopita alikuja mama mmoja, fundi cherehani, aliyefanyiwa upasuaji wa koo akabaki na mnong'ono. Ujanani alirekodi wimbo mmoja na bendi, matarumbeta yakamfunika. Binti yake hakuwahi kuisikia vizuri sauti ya mama yake.

"Waondoe wote, baba," alinong'ona. "Unibakize mimi."

Ilimchukua wiki tatu. Siku ya kumkabidhi wimbo wake alimvalisha hedifoni, akatoka nje. Nilimkuta kwenye korido, vikombe viwili vya chai mkononi, vyote vimepoa. Mama alipotoka alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Anavuta pumzi kabla ya kila mstari," Mzee aliniambia baadaye. "Wiki tatu hizi nilikuwa na mtu mle ndani."

Mama hakurudi tena, naye hakumtafuta. Ila tangu siku hiyo aliuacha mlango wake wazi. Nasi, nakiri, tulipita tu na haraka zetu.

Kwa ajili ya sherehe hii ya kumuaga tulitafuta katika maktaba nzima ya kanda sauti yake mwenyewe, tuwasikilizishe. Miaka thelathini na mmoja redioni, tulipata sekunde tisa tu, akijaribu maikrofoni: "Moja, mbili, tatu. Mnanisikia?" Hakuna aliyemjibu.

Mzee wetu, tunakusikia, japo tumechelewa. Asante kwa masikio yako, na kwa uvumilivu uliotufunika sote. Ustaafu wako uwe wa heri, na nyumba yako isikose mtu wa kubisha hodi. Jumapili ya kwanza ya Julai, tutaanza sisi.