Gauni Lililochemshwa: Kumbukumbu ya Shangazi Pini

Wasikilizaji wapendwa, uvumi wenyewe ulikuwa mfupi. Chumba cha fundi kina kunguni. Ukipeleka kitambaa kule, gauni linarudi na wageni ndani yake.

Ndivyo muuza sabuni alivyomwambia mama mmoja mlangoni kwake, huku akipanga miche yake kwenye beseni. "Nimeliona godoro uani kwa macho yangu. Mtu hatoi godoro nje bure."

Neno hilo lilimganda yule mama kama gundi. Akifua, analisikia. Akitandika kitanda, anainua pembe ya godoro na kuchungulia. Alianza kujikuna mahali pasipowasha.

Na fundi aliyekuwa akisemwa hakuwa mtu baki. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Leo tunamkumbuka fundi huyo. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Pini. Ametutoka, amezikwa, na wifi yake ndiye aliyekuja hapa studio kutuletea habari zake. Tulimkaribisha kiti akakaa ukingoni, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Alituomba jambo moja. "Msinipambe," alisema. "Semeni kama ilivyokuwa. Kina mama wenzangu wasikie." Basi tutasema kama ilivyokuwa.

Jina la Pini lilitokana na mdomo wake. Akimvalisha mteja nguo, alibana pini kwenye midomo, safu nzima, na bado akazungumza. Wateja walijifunza kumsikia. "Usinichekeshe," angesema kwa pembe ya mdomo, "nikimeza pini, upindo wako nani atamaliza?"

Alishona katika chumba kimoja. Chumba kimoja, wasikilizaji. Kitanda ukuta huu, cherehani ukuta ule, na katikati kijia ambacho watu wawili wakikutana, mmoja inabidi apande kitandani. Mteja akiingia, kiti kinatoka nje. Lakini humo ndani hakikupotea hata kifungo. Kila kazi ilikuwa na mfuko wake wa kitambaa, umetundikwa msumarini. Ndani ya mfuko: kitambaa, uzi wake, zipu yake, vifungo vyake. Nje ya mfuko: kipande kidogo cha kitambaa hichohicho, kimebanwa kwa pini, ili fundi ajue cha nani bila kufungua. Mfuko mmoja ukishuka, kazi inafanywa, mfuko unapanda tena ndipo mwingine unashuka. Hakuruhusu kazi mbili juu ya kitanda. "Ukizilaza pamoja," alisema, "unaamka unakuta moja imemwibia mwenzake mkono."

Na hakuwahi kushona nguo moja kwa moja hadi mwisho. Kwanza aliishikiza kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kufumuka kwa urahisi. Kisha akakuvalisha nguo nje ndani. Halafu amri zikaanza. "Kaa. Inama. Inua mikono kama unaanika nguo. Sasa pumua, hukuja kupigwa picha!"

Kaka yake, ambaye ndiye mume wa yule mama, anakumbuka shati lake la kwanza la kazi. "Alinizungushia pini kwapani mpaka nikamwambia, dada, nakiri. Sijui kosa langu, lakini nakiri."

Sasa tufike kwenye gauni.

Binti wa yule mama alikuwa anamaliza shule, na kulikuwa na sherehe ya kuwaaga. Shangazi alikwishaahidi: gauni la siku hiyo nitalishona mimi. Mama alipeleka kitambaa mwenyewe, cha bluu, chenye maua meupe madogo. Walicheka pamoja mlangoni. Hilo lilikuwa kabla ya uvumi.

Baada ya uvumi, mama hakutaka binti aingie chumba kile. Lakini angemwambiaje mumewe? Dada yako ana kunguni? Akatafuta ujanja. Alichukua gauni la zamani la binti, akalituma kwa fundi. Pima kwa hili.

Shangazi Pini alilitazama, akamrudishia kaka yake jibu. "Mwambie wifi, hili ni gauni la mtoto wa mwaka juzi. Mtoto yule hayupo tena. Aniletee huyu wa sasa nimjaribishe."

"Ana masomo," mama alisema.

Shangazi aliita tena.

"Anaumwa kichwa."

"Kichwa gani hicho kinachouma kila Jumamosi?" mume aliuliza. Mama akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.

Sherehe ilipokaribia, fundi alimaliza kwa kubahatisha. Gauni lilikuja limekunjwa vizuri, na ujumbe kwa mdomo wa kaka yake: avae, kisha mje, bado sijaufunga mshono kabisa.

Hapa ndipo mama alipotuambia tusiruke. Alilipokea gauni kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba panya kwa mkia. Alisubiri mumewe atoke. Akateka maji, akayachemsha mpaka yakatokota, akalitumbukiza gauni humo. Akalisukuma chini kwa mwiko. Binti alisimama mlangoni akiangalia.

"Mama, unapika gauni?"

"Naua wadudu. Na wewe ufunge mdomo."

Nadhani mnajua kilichofuata. Gauni lilikauka, limekunjamana, limepungua. Siku ya sherehe zipu iligoma katikati ya mgongo, ikakataa katakata. Chumba kimejaa majirani waliokuja kumwona binti akitoka, muuza sabuni akiwa mbele kabisa. Mmoja akauliza, "Kwani fundi hakumpima?"

Mama angeweza kusema. Alikuwa na nafasi ya kusema, pale pale. Badala yake alisema, "Wifi amebania kitambaa. Amejikatia chake, mwanangu akamwachia mabaki."

Binti aliangalia chini. Alikwenda kwenye sherehe na sketi ya kuazima.

Maneno hayo yalitembea haraka kuliko mama alivyotaka. Mtaani sasa yalikuwa mawili: fundi ana kunguni, na fundi ni mwizi wa vitambaa. Mifuko ikaanza kushuka misumarini bila mingine kupanda. Wateja wa siku zote wakaanza kupita upande wa pili wa njia.

Shangazi Pini alisikia. Asingekosa kusikia. Lakini hakuja kugomba. Alimkuta wifi yake kwenye foleni ya bomba la maji, akasema mbele ya watu, bila hasira, "Wifi, mlete mtoto na gauni lake. Mshono una nafasi." Mama alijibu kuwa ndoo yake imejaa, akaondoka. Ndoo haikuwa imejaa. Watu waliiona.

Mara mbili mama alifika mpaka kona ya nyumba ya fundi, gauni likiwa kwenye mfuko mkononi. Mara mbili akageuka. Angelitoa gauni lile, fundi angeligusa tu na kujua limepita kwenye maji ya moto. Aliona haya. Akajiambia, wiki ijayo.

Ndipo presha ilipompanda Shangazi Pini, akaanguka karibu na cherehani yake. Alifikishwa hospitali, hakurudi.

Mawifi ndio wanaopanga nguo za marehemu, kwa hiyo mama akaingia chumba kile hatimaye. Alikuwa amevaa soksi nzito, tena amezipandisha juu, kwa ajili ya kunguni. Anataka mjue hilo pia.

Kitandani hakukuwa na godoro. Palikuwa na mbao pana zilizopigwa msasa, na juu yake shuka nyeupe imevutwa bila kunjo. Nyuma ya mlango kulikuwa na mkeka umekunjwa, na mto.

"Godoro liko wapi?" mama alimuuliza mwenye nyumba.

"Si alilitoa zamani! Alilianika pale uani, halafu akampa yule mjamzito wa chumba cha mwisho. Alisema kitanda kikubwa hivi ni meza iliyolala bure. Yeye akahamia mkekani, ili nguo za watu zisiguse matandiko yake."

"Na kunguni?"

"Kunguni gani?" Mwenye nyumba alimshangaa. "Wangekaa wapi, kwenye mbao?"

Msumarini ulibaki mfuko mmoja tu. Nje yake kilibanwa kipande cha bluu chenye maua meupe madogo. Mama aliushusha. Ndani mlikuwa na kitambaa chote kilichobaki, kimekunjwa, na uzi wa bluu, na zipu ndefu zaidi ya ile ya kwanza. Kazi ya binti bado ilikuwa imetundikwa, ikimsubiri.

Nyumbani, mama aligeuza gauni nje ndani. Hakuwahi kuligeuza. Ubavuni mwote mshono ulikuwa mpana kama vidole viwili, umeshikizwa kwa uzi mweupe tu, tayari kufumuliwa.

Alimwambia mumewe. Mume alitoka akakaa nje mpaka chai ikapoa. Kesho yake mama alikwenda bombani watu wakiwa wengi akasema, "Gauni nililichemsha mimi. Wifi hakubania kitu." Muuza sabuni alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Kisha mama alimsimamisha binti kwenye stuli, akabana pini midomoni, akaanza kufumua na kupanua. Binti alimtazama kutoka juu.

"Pumua, mama," alisema. "Hukuja kupigwa picha."

Gauni sasa linafunga. Begani bado linavuta, maana mama si fundi. Binti amesema atalivaa hivyohivyo.

Kwa kaka wa marehemu, kwa binti, na kwa wifi aliyetuletea haya, pokeeni pole zetu. Kwenu mnaotusikiliza, kila mmoja afikirie nyumba moja anayoisema bila kuingia. Mama ametuachia mambo ya kuepuka. Tunayasoma kama alivyoyataja.

Usimpime mtoto kwa nguo ya mwaka juzi.
Usilaumu nguo kabla ya kuigeuza nje ndani.
Usilaze kazi mbili kitanda kimoja.
Usitundike mfuko bila alama ya kitambaa chake.
Usichemshe nguo mpya kwa sababu ya neno la mlangoni.
Usimfungishe mtoto mdomo kwa jambo ulilofanya wewe.
Usiseme wiki ijayo.
Shangazi akimwita mtoto aje ajaribu gauni, usimzuie.