Aliyeshukia Nduli

Bibi Veneranda anavijua viwanja vyote vya ndege vya nyanda za juu kama anavyolijua shamba lake la njegere. Ila amevionea nje ya uzio. Ndani ya basi litokalo Dar, kiti cha mbele yake, Clement alikuwa akiiwinda namba ya simu ya Yusta, aliyepandia Iringa.

"Kwa viwanja vya ndege, Songwe ya Mbeya ndicho cha juu," alisema Clement, "halafu Nduli, hapa Iringa. Hicho chenu cha Mufindi, dada, ni daraja la mwisho. Nyasi tupu." Yusta akacheka. "Ng'ombe wanafukuzwa, ndege inatua, daktari anashuka. Unataka nini tena, kaka?" "Lami. Sisi tunaoruka tunajua. Leo hii nimeshukia Nduli, basi hili nimelipandia Iringa kama wewe."

Bibi akajiongezea karanga, maana safari ilishanoga. Yusta naye akatoa simu yake taratibu.

Mafinga basi likasimama. Konda akamletea Clement kiroba. "Bosi wa Dar, vitunguu vyako hivi. Tangu ulipovinunua Ruaha Mbuyuni, kabla hatujapanda mlima wa Iringa, gari zima linanuka."

Yusta akairudisha simu mkobani. "Kumbe ndege nazo," akasema, "husimama Mbuyuni zikanunua vitunguu."