Bi Gumba wa Chumba cha Nyayo Anapumzika

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Gumba anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika chumba cha mwisho cha zahanati yetu, kile kinachotazamana na tangi la maji. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa daktari mkuu alipoajiriwa. Nimekubali kwa sharti kwamba wasifute neno. Ninaumwa, madaktari wenzangu wameacha kunificha, nami kuna jambo nimelificha muda mrefu mno: ramani ya nyayo iliyochorwa ukutani mwa Bi Gumba imekosewa, na nimelijua hilo tangu mwaka wake wa tatu kazini.

Lakini nitalirudia hilo. Mwenye sherehe kwanza.

Bi Gumba alikuja kwetu akitoka kwenye ususi. Alikuwa amechoka kusimama saluni kutwa nzima, akaenda kusomea refleksolojia, tiba ya kubonyeza nyayo na viganja. Wanaoifuata huamini kwamba kila sehemu ya unyayo ina kiungo chake mwilini: hapa figo, pale tumbo. Mimi sikuamini, na mtu asidhani ugonjwa umenilegeza: hadi leo sijaona ushahidi kwamba dole gumba la mtu yeyote limewahi kuponya figo. Kamati ya zahanati ndiyo iliyomtaka, nami nikamwajiri shingo upande. Baadaye aliniambia shingo yenyewe iko chini ya kidole kikubwa cha mguu, na kwamba nikipenda ataninyooshea.

Jina la utani alipewa na wauguzi. Walisema ukimpa Bi Gumba mkono wa salamu, unarudishiwa ukiwa umekandwa.

Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa tajiri wala maskini. Kwanza beseni la maji ya uvuguvugu, miguu anaiosha mwenyewe, anaikausha kidole kwa kidole, ndipo anauliza mtu ameamkaje. Kuna dereva wa lori aliyekataa kuvua soksi kwa haya.

“Mama, hizi soksi zina historia.”

“Historia tutaifua, baba. Vua.”

Dereva huyo alikoroma hadi wagonjwa wa foleni ya meno wakasahau meno yao. Alirudi kila alipopita mji wetu.

Hakumwambia mtu hata mmoja aache dawa. Akiona kidonda kisichopona kwa mgonjwa wa kisukari, alimleta mwenyewe hadi mlangoni kwangu, kiatu cha mgonjwa kikiwa mkononi mwake. “Daktari, huyu si wangu, ni wako,” alikuwa akisema, kisha anarudi kwenye beseni lake. Wapo watu wanaotembea kwa miguu yao miwili leo kwa sababu ya safari zile fupi za ukumbini.

Sasa ramani. Ile ya karatasi aliyotoka nayo chuoni ilikuwa ikimalizwa na mchwa, tukamwita mchoraji wa mabango airudufu ukutani. Picha ilikuwa ya nyayo za mtu aliyelala mbele yako, kwa hiyo mguu wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Mchoraji aliitazama miguu yake mwenyewe, akaandika kulia na kushoto kama alivyoiona. Ini likahamia kushoto, moyo ukahamia kulia. Niliipitisha kazi ile bila kuitazama. Bi Gumba alikuwa bado mgeni katika fani, akaamini ukuta uliopitishwa na daktari kuliko kumbukumbu yake.

Nilipoligundua kosa, nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Kamati ilikuwa karibu kukutana kuamua kama chumba kiendelee. Watu walikuwa wakibonyezwa upande usio wao na bado wanatoka wakisifu, na mimi niliona hiyo inatosha kukifunga. Kikao kikaja, kikapita, na neno hilo halikutoka kinywani mwangu.

Wiki iliyopita Bi Gumba alikuja kuniona nyumbani. Alikaa kando ya kitanda, akachukua kiganja changu bila kuomba ruhusa, nami nikamweleza habari ya ramani. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

“Kwa hiyo daktari, miaka yote nabisha hodi kwa ini, kumbe lilishahamia nyumba ya jirani?”

Kisha akauliza, “Mbona hukusema?”

“Nilikuonea huruma,” nikamjibu.

Kicheko kiliishia hapo. Alikirudisha kiganja changu juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

“Basi kama ni huruma iliyokiweka chumba, nacho kistaafu pamoja nami. Mkwe wangu nitamwambia asije Jumatatu.”

Mkwewe huyo, mke wa mwanawe mkubwa, amefundishwa kazi na Bi Gumba mwenyewe ili amrithi, na kamati ilikwisha kumkubali. Anaosha miguu ya watu vizuri, na hamuahidi mtu kupona.

Bi Gumba, zahanati nzima inakushukuru. Ukapumzike, wajukuu wakukande wewe sasa, na kila asubuhi ikukute na afya na furaha. Mkwe wako aje Jumatatu. Ukuta utapakwa rangi na ramani itachorwa upya. Nasema hivi kwa sababu jibu nililokupa lilikuwa la uongo, na sina muda wa kuliacha lizoeleke.

Asubuhi ya kikao kile nilikuja chumbani kwako ili niitazame ramani mara ya mwisho kabla ya kwenda kukushitaki. Wewe ulidhani nimechoka na zamu. Ulinikalisha, ukasogeza beseni, hukuuliza kitu. Wanakamati waliambiwa nimeitwa kwa mgonjwa mahututi, wakakipitisha chumba chako bila pingamizi. Hapakuwa na mgonjwa. Daktari mkuu alikuwa amelala fofofo kwenye kiti chako, miguu imefungwa taulo, kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mke wangu.